Mtumishi wa Chuma na Wasomaji Wake

Kitabu cha pili huzaliwa na deni. Kitabu cha kwanza huja duniani kama mgeni asiyetazamiwa: hakuna anayemdai kitu, na akileta hata zawadi ndogo hushukuriwa. Kitabu cha pili huja kama mgeni aliyeahidiwa. Watu wamekwisha kutandika mkeka, wamekwisha kupika, na wamekwisha kukata shauri la namna atakavyovaa na namna atakavyozungumza. Akiingia mlangoni kwa sura nyingine hunung'unikiwa kabla hajaketi. Ndugu msomaji, nataka kukuonyesha kwamba manung'uniko ya namna hii aghalabu hutuambia habari za msomaji zaidi ya habari za kitabu. Nami nitalionyesha jambo hilo kwa kukitetea kitabu kimoja ambacho vijana wengi wa ufuo wetu wa ziwa wamekihukumu upesi.

Yafaa kwanza nikikumbushe kisa chenyewe. Mwaka 2016 mwandishi wa Marekani, Peter Brown, alitoa kitabu kiitwacho The Wild Robot. Meli iliyobeba maroboti inavunjika baharini. Kasha moja linatupwa na mawimbi katika ufuo wa kisiwa kisichokaliwa na watu, na ndani yake anaamka roboti asiyejua alikotoka. Jina lake Roz. Anajifunza lugha za wanyama kwa kutazama na kusikiliza, anajenga makao, na anamlea kifaranga wa bata bukini, Brightbill, aliyefiwa na jamaa zake. Wanyama waliomdhania kuwa zimwi wanaishia kumwita jirani. Mwishoni wanakuja maroboti wengine kumtafuta, na Roz anaondoka kisiwani.

Kitabu cha pili, The Wild Robot Escapes, kilitoka mwaka 2018. Roz ametengenezwa upya na kupelekwa kufanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Bwana Shareef. Huko anachunga, anatengeneza vilivyovunjika, na anatii. Lakini pia anaficha, maana ikijulikana kwamba ana fikira zake mwenyewe, atahesabiwa kuwa kombo na kuharibiwa. Watoto wa shamba, Jaya na Jad, wanampenda, wanaijua siri yake na kumsaidia kutoroka. Brightbill, ambaye sasa amekua, anamtafuta mama yake, na wawili hao wanasafiri safari ndefu ya kufukuzwa, hata Roz anakamatwa na kufikishwa mbele ya Daktari Molovo, mwanamke aliyemuunda, kabla ya kurudi kisiwani kwake. Kitabu cha tatu, The Wild Robot Protects, kilifuata mwaka 2023.

Huenda habari hizi zisingefika Kisumu kwa nguvu kama filamu isingetoka. Mwaka 2024 Chris Sanders alikigeuza kitabu cha kwanza kuwa filamu, na sauti ya Roz ikawa ya Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye watu wa Kisumu walimchagua kuwa gavana wao mwaka 2017. Vijana walimsikiliza roboti kwa masikio ya jamaa. Walipoipenda filamu wakatafuta vitabu, wakakopeshana, na nakala zikachakaa kwa kupita mikono mingi. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Nikawaomba wanafunzi wangu wasome kitabu cha kwanza na cha pili, kisha kila mmoja aandike maoni yake. Kitabu cha kwanza kilisifiwa. Cha pili kilishtakiwa kwa mashtaka matatu, ambayo nimeyasikia pia kwa vijana wa shule nyingine. Nitayajibu moja moja.

Shtaka la kwanza lasema kwamba kitabu cha pili kimeharibu utamu wa cha kwanza. Kisiwani palikuwa na mawimbi, dubu, theluji na moto. Shambani pana zizi, ndoo na kutii. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba alitaka roboti wa mwituni akapewa mfanyakazi wa shamba, na kwamba habari za mfanyakazi wa shamba anazijua bila kununua kitabu. Maneno haya ni ya mtu mwerevu, na kwa sababu hiyo yastahili jibu la haki.

Kitabu cha kwanza kinauliza kama kiumbe cha chuma kinaweza kujifunza kupenda. Swali hilo ni zuri, walakini ni jepesi kwetu, kwa kuwa halituombi kitu. Tunaketi kando ya kisiwa, tunatazama, na tunafurahi. Kitabu cha pili kinauliza maswali yenye miiba. Ni nani mwenye Roz? Nani ana haki ya kumtuma? Ikiwa mtumishi anafikiri, je, bado ni halali kumnunua? Na je, mtumishi afanye nini ikiwa njia pekee ya kubaki hai ni kujifanya mjinga mbele ya bwana wake? Msomaji anayechoshwa na shamba hajachoshwa na kitabu. Amechoshwa na kazi ya mtu mwingine, na kuchoka kwa kutazama ni tofauti sana na kuchoka kwa kufanya. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tena kuna ushahidi ulio katika insha zenyewe. Kiswahili hakikubali usimulie habari za roboti bila kukata shauri. Kila kitenzi kinakuuliza: ni nani, au ni nini? Ukisema "alilala" umemtia katika ngeli ya watu na wanyama. Ukisema "ililala" umeitia pamoja na meza na redio. Hapana mahali pa kujificha katikati. Nilipokuwa nikisahihisha niliona jambo ambalo hakuna aliyeliandika kwa kusudi. Walipokuwa wakisimulia habari za kisiwani, waandishi wengi walisema Roz "alijenga," "alimlea kifaranga," "alijifunza." Walipofika shambani kalamu ziligeuka: roboti "ilichunga ng'ombe," "ilitumwa," "ilitengenezwa." Roz alikuwa yule yule. Hakupoteza fikira hata moja kati ya sura na sura. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa akitumikia, na mara alipoanza kutumikia, sisi tulimwondoa katika ngeli ya walio hai.

Msomaji, tafakari jambo hilo kabla ya kusema kwamba kitabu cha pili hakina mafunzo. Tabia hiyo ya kalamu haikuanza kwa maroboti. Nani asiyemjua mtu ambaye nyumbani kwao ni baba fulani au mama fulani, lakini akishapata kazi ya kufua au kulinda lango huitwa kwa kazi yake tu, na jina lake halijulikani na mtoto yeyote wa nyumba ile? Kitabu kizuri ni kile kinachotushika mkono wakati mkono uko ndani ya kosa. Kitabu cha pili cha Roz kimetushika.

Shtaka la pili lasema kwamba hadithi hii ni ya wageni. Sisi tuna ziwa, gugumaji, samaki na ada za shule. Maroboti ni mambo ya watu walioshiba. Wanaosema hivi hudhani wanaitetea nchi yetu. Kwa kweli wanainyang'anya urithi wake.

Kwanza, kiumbe mwenye mwili usio wa nyama si mgeni katika nchi hii. Wazee wa Kijaluo wamesimulia vizazi kwa vizazi habari za Lwanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe, ambaye mikuki ilimpiga ikapinda. Siri yake ilikuwa katika kivuli chake, na alipochomwa kivulini alikufa akawa jiwe. Hapo wazee wetu waliuliza swali lile lile wanalouliza waandishi wa maroboti: katika mwili usioumia, uhai unakaa wapi? Wao walijibu kwamba hata jiwe lina mahali panapotoka damu.

Na kama unataka hadithi ya mtumishi aliyetupwa na maji, huna haja ya kuvuka bahari. Nenda Nyandiwa, upande wa Gwassi, uulize habari za Nyamgondho mwana wa Ombare. Alikuwa mvuvi maskini. Siku moja alivua, akamtoa majini mwanamke mzee, akamchukua nyumbani, na tangu siku hiyo mifugo ikaongezeka hata boma likajaa. Nyamgondho alipokwisha kutajirika akaanza kulewa na kumtukana yule aliyemletea utajiri. Mwanamke akainuka, akarudi ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wakamfuata mmoja mmoja mpaka wa mwisho alipozama. Nyamgondho akabaki amesimama ufuoni akitazama maji, akageuka mti. Hadithi hiyo haituambii kama mwanamke yule alikuwa mtu, jini au kitu kingine. Haikuona haja. Inatuambia tu kwamba anayekutumikia anakuona, na kwamba kushiba hakukupi ruhusa ya kudharau.

Pili, neno lenyewe roboti lilizaliwa katika habari tunazozijua. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, aliandika mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R., juu ya wafanyakazi waliotengenezwa kiwandani ambao hatimaye wanaasi. Aliwapa jina kutokana na neno la lugha yake, robota, maana yake kazi ya lazima, kazi ya kitwana. Katika miaka iyo hiyo babu zetu walikuwa wakiijua robota bila kulijua neno. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ambayo watu waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi kwamba mtu amemaliza kazi. Aliyeondoka bila sahihi alikuwa mtoro, na mtoro alitafutwa na polisi.

Sasa kisome tena kitabu cha pili. Ndani ya mwili wa Roz mna kitu kinachowaambia waliomuunda mahali alipo kila saa, naye hawezi kutoroka mpaka kitu hicho kimeondolewa. Mwanafunzi wa Kisumu anaposoma sura hiyo na kusema kwamba ni mambo ya wageni, babu wa babu yake angeshangaa. Angeuliza: mwanangu, hujui kikebe ukikiona?

Babu hao hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1921 watu wengi walikutanika Lundha katika nchi ya Gem, wakapinga kipande, kodi na kazi za lazima. Harakati hiyo ilijulikana kwa Kijaluo kuwa Piny Owacho, yaani nchi imesema, na chama kilichotokana nayo kikaitwa Young Kavirondo Association. Mwenyekiti wake, Jonathan Okwiri, alikuwa mwalimu wa shule, na wenzake wengi walikuwa vijana waliosoma katika shule za misheni. Walikuwa wasomaji kama wewe. Walitwaa kusoma na kuandika walikofundishwa, wakakutumia kuuliza ni nani mwenye mwili wa mfanyakazi.

Hapa naweza kukitaja kilicho dhaifu katika kitabu, kwa kuwa kukitetea kitabu si kukiabudu. Kwa Roz, uhuru unakuja mwisho kama zawadi. Bwana Shareef si mkatili, watoto wake ni wema, na Daktari Molovo, aliye na nguvu zote, anakubali kusikiliza. Watu wa Lundha hawakuwa na Daktari Molovo. Kipande kilidumu zaidi ya miaka 20 baada ya mkutano wao. Laiti mmoja wa wanafunzi wangu angeandika kwamba kitabu hiki kinaufanya ukombozi uwe rahisi mno, ningempa alama nyingi kwa furaha. Hakuna aliyeandika hivyo, kwa sababu walikuwa wamekwisha kukiweka chini kwa kuwa hakina dubu.

Kabla sijaacha shtaka hili, mkumbuke tena mwenye sauti ya Roz. Lupita Nyong'o alijulikana duniani kwa filamu ya mwaka 2013, 12 Years a Slave, aliyoigiza kama Patsey, mwanamke mtumwa aliyechuma pamba katika mashamba ya Louisiana, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Oscar mwaka 2014. Miaka 10 baadaye sauti ile ile inamsemea mtumishi aliyetengenezwa kiwandani. Anayewasikiliza wote wawili, Patsey na Roz, atafahamu kwamba hadithi za maroboti tangu mwanzo zimekuwa njia ya kusema habari za watu ambao wenzao waliwahesabu kuwa mali.

Shtaka la tatu ndilo linalopendwa na wanafunzi wa sayansi. Wasema kwamba chuma hakina moyo, kwamba mashine haipendi wala haiogopi, na kwamba kitabu kinachosema vinginevyo kinawadanganya watoto. Hawa nawaheshimu, maana wanataka ukweli. Lakini hakuna mtoto aliyesikia hadithi za sungura na fisi akaenda porini kumwamkia sungura. Hadithi haisemi uongo pale msemaji na msikilizaji wote wawili wanapojua mapatano yao.

Walakini shtaka hili lina ukweli ndani yake, tena ukweli mzito kuliko wanavyodhani walioleta shtaka. Hebu tuitazame mashine ya kweli. Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing, aliuliza kama mashine inaweza kufikiri. Mwaka 1956 wataalamu walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na taaluma hii ikapata jina lake. Sisi Waswahili tumeipa majina kadhaa, na kila jina lina shauri lake. Wanaosema akili bandia wamekwisha kuihukumu, kama tunavyohukumu fedha bandia. Wanaosema akili mnemba wanaiita mwigo. Wanaosema akili unde wanasema tu kwamba imeundwa, kama mashua inavyoundwa. Mimi nalipenda jina hili la mwisho, hasa kwa watu wa ufuoni, kwa sababu linatukumbusha kuuliza swali ambalo kila aonaye mashua mpya huliuliza: fundi ni nani, na mbao zimetoka wapi?

Roz anajifunza peke yake. Anakaa kimya kama jiwe, anasikiliza ndege, na siku moja anajikuta anaielewa lugha yao. Hapa ndipo hadithi inapotupotosha, na si pale penye moyo. Akili unde tunayoijua leo haikujifunza peke yake. Ilijifunza kwa maandishi yasiyohesabika yaliyoandikwa na watu, na kwa mikono ya watu walioketi siku kutwa wakiyatia alama: hili ni baya, hili ni jema, hili ni tusi. Mwezi wa Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilieleza kwamba baadhi ya watu hao walikuwa vijana wa Nairobi. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na uchafu ambayo sitayaeleza hapa, ili mashine iitwayo ChatGPT ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Baadhi yao walisema kwamba waliyoyasoma yaliwaumiza nafsi. Ulimwengu ulipoisifu mashine kwa adabu yake, haukujua kwamba adabu hiyo ilikuwa na walimu, na kwamba walimu hao walikuwa Wakenya.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1900 meli iitwayo William Mackinnon ilishushwa katika ziwa letu hapa Kisumu. Reli ilikuwa haijafika. Ilifika Desemba 1901. Meli hiyo ililetwa vipande vipande, na vingi vya vipande hivyo vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Meli ilipewa jina la tajiri wa Kiskoti. Jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa ubavuni mwake. Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kukipinga kitabu cha Peter Brown akipinge kwa jambo hili: kinatufundisha kumhurumia mashine, ambalo ni jema, lakini hakituonyeshi wapagazi wake. Huruma kwa Roz isiyomfikia kijana wa Nairobi anayetia alama usiku ni huruma iliyopotea njia.

Sasa nafikia jambo lililonifanya nishike kalamu, maana mashtaka matatu peke yake nisingeyaandikia kurasa nyingi hivi. Miongoni mwa insha nilizopokea zilikuwamo kadhaa ambazo wanafunzi hawakuziandika. Walimwomba akili unde asome kitabu kwa niaba yao, awe na maoni kwa niaba yao, na ayaandike. Insha hizo zilikuwa safi kama sahani ambayo hakuna aliyeilia. Zote zilisema kwamba kitabu kina nguvu na udhaifu, kwamba kinagusa upendo, uhuru na utambulisho, na kwamba kitawafaa wasomaji wa rika zote. Moja ilimpa Roz matukio ambayo hayamo katika kitabu. Hazikuwa na kosa la tahajia, wala hazikuwa na mtu.

Utasema, ubaya uko wapi? Mbona tangu zamani wanafunzi wamesoma miongozo badala ya riwaya, na mitihani wakapita? Nami najibu kwamba mwongozo ulikudokeza maoni ya mwalimu mmoja, ukabaki na kazi ya kuyakubali au kuyakataa. Mashine inakupa maoni yaliyosagwa kutoka kwa watu wengi wasiokujua, tena kwa sauti laini isiyokuchokoza ubishi. Yule aliyelalamika kwamba alitaka mwitu akapewa shamba alikosea, kwa maoni yangu, lakini alikuwapo. Nimeweza kubishana naye katika kurasa hizi. Siwezi kubishana na sahani.

Pima pia hasara nyingine. Mashine hujua kile kilichoandikwa kwa wingi. Lugha zenye maandishi machache inazijua kwa kuotea. Maoni ya msichana wa Dunga anayeuza samaki na mama yake kabla ya kwenda shule, ambaye angeweza kueleza shamba la Bwana Shareef kuliko mtaalamu yeyote, hayamo ndani ya mashine kwa sababu bado hayajaandikwa popote. Akimwachia mashine kuandika, hayataandikwa kamwe. Na mashine itakapojifunza tena kesho, itajifunza maneno yake yenyewe yaliyotiwa sahihi na msichana wa Dunga. Hapo ndipo atakapokuwa amevaa kikebe shingoni kwa hiari yake.

Sisemi usiiguse mashine. Watu wa ufuoni hawaogopi chombo; wanamwogopa nahodha asiyejua maji. Iulize maana ya neno, iulize ramani ya Prague, iulize Čapek aliishi lini, kisha uthibitishe penginepo. Wahenga walituachia kanuni ambayo haijazeeka: akili za kuambiwa, changanya na zako. Kanuni hiyo yadai kwamba wewe uwe na zako za kuchanganya.

Basi, kijana msomaji, nakuomba mambo matatu. Chukua kitabu cha pili ulichokiweka chini, ukisome mpaka mwisho, na kila Roz anapotumwa ujiulize kama umeandika "alitumwa" au "ilitumwa," na kwa nini. Kisha mwendee mzee mmoja wa kwenu umwombe akusimulie habari za Nyamgondho jinsi anavyozijua yeye, uziandike kwa mkono wako kabla hazijatoweka. Mwisho, andika hukumu yako juu ya kitabu. Ikiwa utakilaumu, kilaumu kwa neno lako mwenyewe, hata likiwa na makosa ya tahajia. Kalamu nyekundu ninayo, na makosa ya tahajia nayajua kuyasahihisha.